Mguu Haujui Msumari, Unajua Shuka

Saa nane za usiku Ngamiani nzima, hapa Tanga, imelala, hata mbwa wamechoka kubweka, na mimi niko macho, nimeutoa mguu nje ya shuka kama mtu anayeanika ngisi. Mguu unawaka. Si kuuma kule kwa kujikwaa au kuteguka. Maumivu ya kujikwaa yana adabu zake, yanakuja na sababu na baada ya siku tatu yanaaga. Haya yanawaka kama mtu kanipaka pilipili mbuzi unyayoni akanisogeza jikoni, halafu katikati ya kuwaka unapita umeme, tsss, kutoka kidole gumba hadi kisigino, natikisika kitanda kizima. Na shuka lenyewe, shuka la pamba jepesi lililofuliwa mpaka limekuwa kama utando wa buibui, likinigusa tu naona naburuzwa kwenye kokoto.

Mguu huohuo, wiki moja kabla, ulikanyaga msumari wa bati. Msumari ukapenya ndala, ukaingia nyamani, nami nikatembea nao kutoka Soko la Mgandini mpaka nyumbani, nimebeba kabichi na mafungu mawili ya nyanya, nasalimia watu, nacheka. Aliyegundua ni mjukuu wangu wa darasa la pili. Aliniuliza, "Babu, mbona unagonga sakafu kama farasi?"

Ndiyo nauliza: mguu usiojua msumari, shuka unalijuaje?

Mimi ni mstaafu wa reli, nilikuwa karani wa mizigo, na nimewahi kusimamia watumishi wa namna zote. Wa namna hii sikuwahi kumpata. Mchana, saa za kazi, amelala fofofo, umpige msumari hageuki. Usiku, watu wote wamefunga ofisi, ndiyo anaanza kupeleka taarifa za dharura kila dakika, na taarifa zote ni za uongo. Hakuna moto. Nimewasha taa mara ngapi kuukagua, uko vilevile, baridi, mkavu, umetulia kama haukusema kitu.

Daktari wa kliniki ya sukari alinieleza vizuri, tena alipojua nimetoka reli akatumia lugha yangu. Alisema, mzee, sukari ikikaa juu kwenye damu miaka mingi huidhuru mishipa ya fahamu na vile vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Na huanzia kwenye mishipa mirefu kuliko yote, ile inayotoka kiunoni mpaka ncha za vidole vya miguu. Nikamwelewa papo hapo. Reli yetu ilianza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, na kila mtu wa reli anajua kwamba njia ikiwa ndefu, anayekosa habari wa kwanza ni mkuu wa kituo cha mwisho. Vidole vyangu ndio kituo cha mwisho. Waya umechubuka njiani: ujumbe wa kweli haufiki, na usio wa kweli unajitungia wenyewe.

Basi, nikasema, tutengeneze waya. Daktari akatabasamu lile tabasamu lao. Akasema waya hautengenezwi kirahisi hivyo, tunachoweza ni kuzuia usichubuke zaidi, na kuzuia kunaanzia kwenye sahani.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana mtu akishataja sahani, Tanga nzima ni madaktari.

Jirani wa kulia akaniambia niache sembe, nile dona. Nikala dona, nikaona mtu anayekula dona anaruhusiwa mlima, maana ni dawa. Kumbe mlima wa dona nao ni mlima. Shemeji yangu akasema dona ni ya zamani, siku hizi ni ugali wa mtama. Mzee mmoja msikitini akasema wali unaua, lakini ukiula umepoa hauna neno. Dada mmoja wa mtaa wa pili, ambaye hajawahi kuugua hata mafua, akanikataza muhogo, viazi vitamu, magimbi, ndizi mbivu, tende, embe na maji ya dafu. Nikamuuliza nile nini, dada yangu? Akafikiri kidogo. "Mlenda," akasema.

Mlenda! Sina ugomvi na mlenda. Mlenda na ugali ni mtu na mke wake. Lakini mlenda peke yake ni mjane, unauangalia unaona huruma.

Sasa mtu aliyezaliwa huku Pwani mmwambie aache nini? Sisi nazi tunaitia kila kitu, na kisichotiwa nazi kinatiwa sukari, na siku ya sikukuu kinatiwa vyote viwili. Chai yenyewe, nilipokuwa kazini, nilikuwa nakunywa vikombe vitano kwa siku, kila kikombe vijiko vinne, na nilikuwa najisifu kwamba mimi si mlevi. Ramadhani futari ya magimbi ya nazi, tambi za sukari pembeni, uji wa pilipili manga, tende za kufungulia, kalimati za kusindikizia. Huo ulikuwa mfungo! Mwezi nauanza mwembamba, Idi inanikuta shati halifungiki.

Daktari, yeye, hakukataza kitu kwa jina, na ndiyo maana namheshimu. Alichora duara kwenye karatasi akaligawa. Nusu ya sahani mboga za majani, robo ugali au wali, robo samaki au maharage. Nikaitazama ile robo, nikaona hii haki imetendeka, ila hakusema sahani yenyewe iwe na ukubwa gani. Jumamosi nikaenda nikanunua sinia.

Mke wangu aliliona lile sinia linaingia mlangoni. Hakusema neno. Kesho yake nikakuta amelipangia bamia, zinakauka juani, na mimi nimepakuliwa kwenye kisahani cha kikombe cha kahawa.

Lakini mambo hayo yote ningeyavumilia kama si kidonge.

Kwa ajili ya ule moto wa usiku nilipewa kidonge kinaitwa amitriptilini, kidogo kabisa, cha kumeza jioni. Nikasoma karatasi yake, nikarudi kwa daktari nimekasirika. Nikamwambia, daktari, hii ni dawa ya sonona, mimi sina sonona, nina mguu. Akaniambia kwa kipimo kidogo hutuliza mishipa ya fahamu, watu wengi wenye maumivu ya aina yangu wanaitumia. Na ni kweli, sitaki kuwa mnyimi wa fadhila. Baada ya wiki mbili tatu ule umeme ulipungua makali, nikaanza kupata hata saa nne za usingizi mfululizo. Lakini dawa hiyohiyo inakausha mdomo, unaamka ulimi kama kipande cha gome la mnazi. Na pili, karatasi imeandika bila aibu, huongeza hamu ya kula.

Hebu tusimame hapa kidogo. Nina maradhi ya sukari. Sukari imeharibu mishipa. Mishipa inawaka. Kwa kuwa inawaka napewa dawa. Dawa inanitia hamu ya sukari. Kazini ningelikuta behewa linazunguka hivyo, karani wake angeandika barua ya kujieleza!

Tena hamu yenyewe si ya mlenda. Saa tisa usiku haiji hamu ya mlenda kwa mja yeyote. Inakuja hamu ya halua, ile nyeusi yenye lozi. Hamu ya mkate wa kumimina uliotoka jikoni sasa hivi. Hamu ya visheti. Usiku mmoja nilitamani kashata ya nazi kwa nguvu mpaka nikaanza kukumbuka jina la mwanamke aliyekuwa akituuzia shuleni, mwaka sijui wa ngapi, na bei yake, na ufa uliokuwa kwenye sinia lake. Nilikwenda dukani kulalamika kwamba nataka kubadilishiwa dawa, kijana wa duka la dawa akaniambia ipo nyingine, prigabalini, nzuri sana, ila nayo huongeza uzito na hamu ya kula. Nikamshukuru nikaondoka na hiyohiyo yangu. Zimwi likujualo.

Na nitaongeza jingine, maana leo nimeamua kusema. Kile kidonge kikuu cha sukari, metifomini, mtu akikitumia miaka mingi kinaweza kumpunguzia vitamini B12 mwilini. Na B12 ikipungua huleta nini? Ganzi miguuni. Nilipoambiwa nikacheka peke yangu kliniki, watu wakanitazama. Lakini daktari akaongeza kwamba B12 ipo kwenye maini, samaki, mayai na maziwa, na hayo yalikuwa maneno matamu ya kwanza kutoka kwake kwa miaka 11. Nikarudi nyumbani mbio, nikamwambia mama watoto daktari kaandika maini. Jioni nikaletewa dagaa. "Na hawa ni samaki," akaniambia, "tena kila mmoja ana ini lake."

Kliniki yenyewe nina mambo nayo. Zamani nilikuwa na ujanja wangu: siku tatu kabla ya tarehe najinyima kama walii, nakunywa maji ya mlonge, sigusi chai, naamka asubuhi nachomwa kidole, mashine inasoma 6 na pointi. Nesi ananisifu, "Mzee hongera, sukari yako nzuri." Natoka pale, nageukia kwa muuza juisi ya miwa.

Halafu wakaleta kipimo cha miezi mitatu.

Sikujua kama kuna kitu kama hicho. Kumbe sukari hujibandika kwenye chembe nyekundu za damu, na chembe hiyo huishi kiasi cha siku 120, kwa hiyo wakiipima wanaona wastani wa ulivyoishi siku zote hizo. Yaani ndani ya damu yangu kuna mamilioni ya wambea, kila mmoja kaandika alichokiona, na hawafi mpaka wasome taarifa yao mbele ya daktari. Mtu anahesabiwa mgonjwa kuanzia asilimia 6.5. Yangu ilisema 10.2. Ile ya kidole, asubuhi ileile, 6.1. Daktari akaziweka karatasi mbili mbele yangu bega kwa bega, akakunja mikono, akangoja. Sijawahi kuona mtu anangoja vizuri namna ile. Nikamwambia labda ni ile Maulidi. "Maulidi ya miezi mitatu, mzee?"

Siku hiyohiyo, nikiwa nimeshavuliwa nguo za heshima, wakanipima miguu. Wana kijiuzi cha nailoni kimepachikwa kwenye kijiti, kinakugusa mpaka kipinde, na kupinda kwake ni nguvu ya gramu 10 tu. Unafumba macho, ukiguswa unasema ndiyo. Nikafumba macho. Mimi kwa mtihani siogopi, nimefanya mitihani mingi ya reli. Nikasikiliza pumzi ya yule nesi, nikapata mapigo yake: anavuta pumzi, anagusa, anavuta pumzi, anagusa. Nikaanza. Ndiyo. Ndiyo. Kimya kidogo. Ndiyo. Nikaona nakwenda vizuri sana.

"Mzee," nesi akaniambia kwa upole, "bado sijaanza."

Nikafumbua macho. Alikuwa anaandika jina langu.

Dawa za mitishamba nazo nimezimaliza. Mwarobaini nimeunywa mpaka mate yakawa machungu kutwa nzima; dawa ya magonjwa arobaini, langu nadhani ni la arobaini na moja. Mbegu za uwatu nimeloweka. Maji ya bamia nimekunywa, yale hata kuyaeleza siwezi, kaeni nayo mbali. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alishauri nikande miguu kwa maji ya moto na chumvi, na hilo ndilo lililonitia adabu kuliko yote. Nilitumbukiza miguu nikaona maji ya uvuguvugu tu, nikaagiza birika jingine, nikaketi nikisikiliza redio. Usiku nikakuta malengelenge mawili makubwa kama zabibu. Mguu ulikuwa umeungua kwelikweli na haukupeleka taarifa. Saa nane, yalipokuwa hayapo maji wala moto, ukapeleka. Kidonda kilichukua wiki saba kupona, na daktari siku ile hakutabasamu. Tangu hapo maji yangu ya kunawia yanapimwa kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga, na kiwiko chenyewe si changu.

Ila niseme habari ya pilipili, maana hiyo nina haki nayo. Mwaka 2021 Nobel ya tiba walipewa wanasayansi wawili wa Marekani, na mmoja wao, David Julius, kazi yake ilikuwa kutafuta pilipili inatuchomaje. Akagundua kwamba kwenye ncha za mishipa ya fahamu kuna mlango unaofunguka kwa joto kali, kama nyuzi 43 na kuendelea, na kile kiini cha pilipili kinafungua mlango huohuo. Kwa hiyo pilipili haichomi. Inabisha hodi kwenye mlango wa moto, na mwili unaitikia bila kuchungulia ni nani. Tena ipo na dawa ya kupaka ya pilipili, maana ukiubisha mlango huo mara nyingi, mshipa unachoka, unanyamaza.

Dawa ile hapa mjini sikuiona. Pilipili mbuzi, je? Nani asiyekuwa nazo? Nikasaga saba, nikachanganya na mafuta ya nazi, nikajipaka usiku kimyakimya, taa imezimwa. Nikangoja. Mguu haukusema kitu, maana ulikuwa umelala zamu yake. Nami nikapitiwa na usingizi.

Kwenye saa tisa nikasikia ukelele. Mke wangu ameketi kitandani, ameshika muundi, anaita jina la mama yake. Kumbe usingizini nimepitisha mguu juu ya wake. "Inaniwasha! Umenifanya nini wewe?" Na mimi, Mungu anisamehe, wahenga walinitoka mdomoni kabla sijawazuia: pilipili usizozila zakuwashiani?

Nililala kwenye mkeka sebuleni siku nne. Daktari naye aliposikia aliniambia ngozi isiyohisi haipakwi kitu cha jikoni, nisirudie, na sauti yake ilikuwa ileile ya siku ya malengelenge.

Tangu hapo mimi na mke wangu tuna mkataba. Kila jioni saa kumi natembea nusu saa, maana kutembea kunashusha sukari na hilo halina ubishi, nimejipima mwenyewe. Natoka nyumbani nimevaa ndala, kwa kuwa raba zangu za kliniki, zile za kufunga vizuri, nazihifadhi kwa siku za kliniki. Najua, najua. Ndala kwa mguu kama wangu ni kosa, huteleza ikatoka usijue. Nilishawahi kurudi kutoka msikitini na moja, nikamsingizia kila mtu wizi, ikaonekana imelala katikati ya barabara, peke yake, inangoja.

Na njia yangu, sikuichagua mimi, inapita kwa mama wa vitumbua.

Sitaki kumsema vibaya. Chuma chake kina mashimo saba. Mchele anausaga mwenyewe, nazi anakuna mwenyewe, na iliki haibani kama hawa wa siku hizi wanaotia harufu tu. Kwenye saa kumi na robo anageuza mkupuo wa pili, pembeni vimekauka rangi ya dhahabu, katikati laini vinatetemeka. Nina pua, miguu ndiyo mibovu. Jumanne iliyopita nikaketi kwenye benchi lake nipumzike. Mtu anayefanya mazoezi anaruhusiwa kupumzika. Nikala kimoja kwa ajili ya kumuunga mkono mjasiriamali. Cha pili kilikuwa cha kidonge. Cha tatu sina maelezo.

Nikarudi nyumbani nimejifuta mdomo, natembea kikakamavu. "Leo nimefika karibu na Raskazone," nikamwambia mke wangu. Hakunitazama usoni. Alinitazama chini.

"Na ndala ya kulia?"

Nikatazama. Mguu wa kulia ulikuwa mtupu, umejaa mchanga mpaka kwenye kifundo. Nikasema nadhani imeibwa msikitini. Akasema hukwenda msikitini, umesema ulikwenda Raskazone. Nilikuwa naitafuta sentensi ya kuyaunganisha hayo mawili, na ningeipata, nilishafika karibu, ikasikika hodi.

Binti mdogo, miaka kama tisa, ndala yangu mkononi imefungwa gazeti la mafuta. "Shikamoo bibi. Shikamoo babu. Mama kasema babu kaisahau chini ya benchi. Na kasema tena, cha tatu hajalipwa."

"Marahaba, mwanangu," mke wangu akasema. Akafungua pindo la kanga, akatoa shilingi 200, akamshikisha mtoto mkononi taratibu. "Mwambie mama ahsante sana. Mwambie babu kesho ana njia nyingine."

Halafu akaleta beseni, akatia maji, akatumbukiza kiwiko, akangoja. Akaketi kwenye kigoda, akauvuta mguu wangu magotini kwake, akaosha mchanga, akaanza kuukagua unyayo kidole kwa kidole, akiugeuza kwenye mwanga wa dirisha, kutafuta msumari, mwiba, mchubuko, chochote ambacho mimi nisingejua kama kipo. Hakukuwa na kitu. Akainama karibu zaidi, akanusa.

"Unanuka iliki," akasema, na mpaka leo sijui alikuwa anausema mguu au ananisema mimi.